Jicho la Taa Likae Nguzoni, Si Chini ya Lami

Kanduyi hukutanisha barabara mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni barabara kuu inayotoka Mombasa ikipitia Nairobi, Eldoret na Webuye hadi mpakani Malaba, barabara ya matrela yanayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Ya pili ni ya wenyeji, na ndiyo inayowaingiza watu wa Kibabii na Chwele mjini Bungoma: wanafunzi, bodaboda, matatu, matrekta ya miwa na wafanyabiashara wanaowahi soko. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Gari la uzito huo na pikipiki yenye abiria wawili hudai nafasi ile ile, sekunde ile ile.

Kitale nako mambo si mepesi. Barabara ya A1, inayoanzia Isebania na kupita Kisumu, Kakamega na Webuye, huingia mjini kutoka Kiminini kisha ikaelekea Kapenguria, Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Barabara ya Eldoret huingia kutoka Moi's Bridge. Ya Endebess inaendelea hadi Suam, na tangu Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha mwaka 2017 fedha za kuijenga pamoja na ile ya upande wa Kapchorwa, Kitale imepata mlango mwingine wa Uganda. Mahindi yakianza kuvunwa Trans Nzoia mwezi Oktoba, barabara hizi hubeba malori na matrekta ambayo mwezi Mei huyaoni.

Miji ya ukubwa huu ikianza kuzungumzia msongamano, jambo la kwanza kutajwa ni taa, na la pili ni bei yake. Kwangu mimi swali la kwanza ni jingine: taa hizo zitayaonaje magari? Kazi yangu ni taa za barabarani, na kwa jambo hili nina msimamo. Iwapo Kitale na Bungoma zitaweka taa, au kuongeza zilizopo, taa hizo zipewe vitambuzi vinavyokaa juu ya nguzo, wala lami isikatwe ili kufukia waya. Sababu yangu kuu si kwamba kifaa cha juu ni bora kuliko cha chini kwa kila kipimo. Ni kwamba cha juu kinaweza kusahihishwa baada ya kuwekwa vibaya, na katika mji ambao mwendo wa magari hubadilika kwa msimu, kwa siku ya soko na kwa saa, hakuna mhandisi atakayepatia mara ya kwanza.

Tuanze na taa zisizoona chochote, yaani zile zinazofuata saa pekee. Zimepangiwa sekunde 40 za kijani huku na 30 kule, na zitazitoa sekunde hizo hata kama upande mmoja hauna gari hata moja. Mwaka 1958 F. V. Webster wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza alichapisha kanuni ya kukadiria mzunguko unaofaa, na wahandisi wanaitumia mpaka leo. Chukua sekunde zinazopotea katika kila mzunguko, zidisha kwa moja na nusu, ongeza tano. Kisha gawanya kwa sehemu ya uwezo wa makutano ambayo bado haijatumika. Tuseme sekunde zinazopotea ni 10. Makutano yakiwa yametumika kwa asilimia 60, kanuni inakupa mzunguko wa sekunde 50. Yakifika asilimia 80, inakupa sekunde 100. Yakifika 90, inakupa 200.

Angalia jinsi hesabu hiyo inavyoruka. Kutoka asubuhi ya kawaida hadi asubuhi ya soko, mzunguko unaofaa unaweza kuongezeka maradufu, na msimu wa mavuno ukaongezeka tena. Ukiipanga taa kwa siku ya kawaida, siku ya soko foleni itarudi nyuma hadi makutano ya pili. Ukiipanga kwa siku ya soko, siku nyingine zote utawasimamisha watu mbele ya barabara tupu, na mtu aliyesimamishwa bila sababu mara kadhaa hujifunza kupita kwenye nyekundu. Mimi nahofia zaidi hilo la pili. Foleni huisha jioni, lakini dereva akizoea kuidharau taa hujui ataacha lini.

Taa inayoona hufanya kazi kwa namna nyingine. Hutoa kijani cha kiwango cha chini, tuseme sekunde saba, kisha kila gari linalotambuliwa likikaribia huongeza sekunde moja na nusu au mbili. Likitokea pengo, kijani kinahamia upande mwingine. Magari yasipokoma, kijani kinaendelea hadi kikomo kilichowekwa, ili wa upande wa pili wasisahauliwe. Upande usio na mtu haupewi zamu kabisa. Saa nane usiku trela linalopita Kanduyi halisimami kumpisha mtu ambaye hayupo, na kila mara trela lililojaa linapoepushwa kusimama na kung'oa tena, dizeli inaokolewa na lami inapumzika.

Watu wengi hudhani vitambuzi vya juu ni kitu kipya. Kwa kweli historia ilianzia huko huko. Februari 1928, mjini Baltimore nchini Marekani, Charles Adler aliweka taa iliyobadilika kwa sauti: dereva wa barabara ndogo alisimama, akapiga honi, na kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo kikaiamuru taa impishe. Baadaye vikaja vibao vya kukanyagwa na mipira ya hewa barabarani, na kuanzia miaka ya 1960 kitanzi cha waya kikatawala. Kitanzi hicho ni waya wa shaba unaozungushwa mara chache ndani ya mfereji mwembamba uliokatwa kwa msumeno kwenye lami, kisha mfereji ukazibwa. Mkondo wa umeme hupitishwa ndani yake, na chuma cha gari kikipita juu, tabia ya mkondo hubadilika na kisanduku kilicho kando ya barabara kinajua. Uingereza ilivipanga vitanzi hivyo katika umbali wa mita 39, 25 na 12 kutoka mstari wa kusimama, na kwa miongo mingi taa za huko zimefanya kazi vizuri kwa mpango huo.

Nakiheshimu kitanzi. Hakijali giza, hakijali ukungu, na kikiwa kizima huhesabu kwa usahihi ambao kamera nyingi hazijaufikia. Lakini uzima wake ni uzima wa lami. Mahali ambapo magari mazito husimama na kuondoka, lami husukumwa mbele, hujikunja na kuacha mikondo ya magurudumu, na sehemu inayoumia kuliko zote ni zile mita chache kabla ya mstari wa kusimama, pale pale kitanzi kinapolala. Maji ya mvua yakiingia kwenye mfereji, gundi huachia, shimo linaanza, waya unakatika. Kanda hii hupata mvua nyingi kwa mwaka, na nyingi hunyesha kwa nguvu alasiri. Kisha mkandarasi wa maji anakuja na sururu. Kisha barabara inawekwa tabaka jipya, tingatinga linakwangua la zamani pamoja na vitanzi vyote, na siku ya kukabidhi kazi hakuna anayekumbuka kwamba chini palikuwa na waya.

Hapo Bungoma hili lina uzito wa pekee. Kaunti, katika kipindi cha Gavana Wycliffe Wangamati, ilianza kazi kubwa ya kuijenga barabara ya Musikoma hadi Kanduyi kuwa ya njia mbili, kilomita 6.5 hivi. Ni lami iliyowagharimu wananchi pesa nyingi. Kuileta mashine ya msumeno juu yake, ikate mistari kila njia, kila upande, ni kuufungulia mlango uharibifu katika barabara ambayo watu waliingoja kwa hamu.

Kuna pia suala la nani mwenye lami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, mwendo wa magari na maegesho. Matokeo yake ni kwamba katika makutano mamoja ya Kitale, mkono mmoja unaweza kuwa wa mamlaka ya taifa na mkono wa pili ukawa wa kaunti. Fundi wa kaunti anayetaka kurudishia kitanzi kilichokatika katika mkono usio wake lazima aombe ruhusa ya kukata lami ya mwingine, afunge njia moja kwa saa kadhaa, na aahidi kuirudisha ilivyokuwa. Nguzo nayo huhitaji ruhusa ya kusimamishwa ndani ya hifadhi ya barabara, ila huombwa mara moja. Baada ya hapo, kila matengenezo hufanyika kwa ngazi au kwa gari lenye kikapu, pembeni, bila kugusa lami ya mtu.

Sasa tuje kwenye vyenyewe vitambuzi vya juu, kwa maana si vya aina moja, na hapa ndipo pesa za umma zinaweza kupotea.

Aina ya zamani na rahisi ni rada inayopima mwendo pekee. Hurusha mawimbi, mara nyingi ya gigahezi 24, na kusikiliza yanaporudi. Gari linalokaribia kwa kilomita 50 kwa saa hurudisha mawimbi yaliyopanda kwa mitetemo kama 2,200 kwa sekunde, na gari linaloondoka hurudisha yaliyoshuka, hivyo rada inajua nani anakuja na nani anakwenda. Gharama yake si kubwa na mvua haiisumbui sana, kwa sababu katika umbali wa mita mia moja matone hayawezi kuyadhoofisha mawimbi kiasi cha kudhuru. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: gari lililosimama halina mwendo, kwa hiyo halipo. Hata linalotambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea linaweza kuachwa. Chukua mkokoteni uliojaa viazi unaosukumwa kuelekea sokoni. Rada ya aina hii inaweza kuuacha hapo uukodolee macho wekundu wa taa mpaka gari jingine litokee nyuma yake.

Aina mpya ya rada hubadilisha mawimbi yake mfululizo na kupima umbali pamoja na mwendo. Hiyo hujua kwamba kitu fulani kiko mita 14 kutoka nguzoni hata kikiwa kimetulia, na hutofautisha vitu vilivyoachana kwa mita moja hivi. Bora zaidi ni zile zinazofuatilia kila gari kuanzia mbali hadi mstarini, zikikadiria urefu na kasi yake. Kwa barabara ya matrela uwezo huo una thamani kubwa. Gari likiwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, linameza karibu mita 17 kila sekunde, na trela lililojaa haliwezi kusimama ghafla kama gari dogo. Taa inayojua kwamba kinachokuja ni kirefu na kizito, na kwamba kimeshapita mahali pa kusimama salama, inaweza kukishikia kijani sekunde mbili zaidi. Sekunde hizo mbili zinaweza kuwa uhai wa mtu wa bodaboda aliyeng'oa mapema upande wa pili.

Kisha kuna kamera. Kamera huona mengi na skrini yake humpendeza kiongozi anayezindua mradi, ndiyo maana huuzwa kwa urahisi. Kwa Kanduyi ningekuwa mwangalifu sana. Webuye, Bungoma na Malaba ziko karibu katika mstari mmoja wa mashariki na magharibi, chini ya robo tatu ya digrii kaskazini mwa ikweta. Mahali jua linapochomoza na kutua hapa husogea kwa majira, ila kidogo kuliko nchi zilizo mbali na ikweta, na kila asubuhi na kila jioni jua hukaa karibu na usawa wa barabara yenyewe. Kamera inayotazama mashariki hupofuka wakati wanafunzi na wafanyakazi wanaingia mjini. Inayotazama magharibi hupofuka wanaporudi. London jua husogea zaidi kwa majira na tatizo huja na kupita. Kwetu linaweza kurudi siku nyingi zisizo na mawingu. Ongeza vumbi la Januari kwenye kioo na mwanga wa taa za malori juu ya lami iliyolowa usiku, ndipo uone kwa nini muuzaji aulizwe kuhusu dakika za baada ya jua kuchomoza na za kabla halijatua, kabla ya kuulizwa jambo lingine.

Kamera za joto huepuka tatizo hilo, kwa kuwa huona joto badala ya mwanga, na huwaona watu na waendesha baiskeli vizuri hasa katika baridi ya asubuhi ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bei yake bado ni ya juu. Ningezitumia kwenye vivuko vya watu, si kila mahali.

Faragha nayo isisahauliwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kamera inayorekodi nyuso na namba za magari huiletea kaunti wajibu wa kisheria ambao rada hailetei. Rada haijui wewe ni nani. Inajua tu kwamba kuna kitu.

Lolote litakalochaguliwa, urefu wa nguzo ndio huamua kama litaona. Hesabu yake ni nyepesi na naomba kila afisa wa ununuzi aifanye mwenyewe. Lori lenye kimo cha mita nne likisimama mita 30 kutoka nguzoni, na kitambuzi kikiwa mita nane juu, mita 30 nyuma ya lori hazionekani. Kishushe kitambuzi hadi mita sita, na kivuli hicho kinakuwa mita 60. Kiweke mita nne, sawa na kimo cha lori, na hakuna kitakachoonekana nyuma yake kabisa: probox, tuktuk na bodaboda zote zimefichwa. Huko kwenye miji ya magari madogo, kichwa cha taa chenyewe hutosha kubeba kitambuzi. Katika barabara ya Malaba hakitoshi. Nguzo fupi inayookoa shilingi kidogo wakati wa ujenzi itaifanya taa iwatumikie matrela pekee miaka yote itakayofuata.

Nimesema sababu yangu kuu ni uwezo wa kusahihisha. Bodaboda inaonyesha vizuri ninachomaanisha. Kwenye kitabu, magari husimama nyuma ya mstari. Kwetu, pikipiki hupenya katikati ya magari na kujipanga mbele ya mstari, wakati mwingine zikavuka hata alama za kivuko. Kitanzi kilichofukiwa kabla ya mstari hakizioni, na hata zikiwa juu yake, chuma chao ni kidogo kiasi kwamba huhitaji kitanzi chenye umbo maalumu na fundi mwenye subira ya kukirekebisha. Bodaboda kumi zinaweza kungoja mkono wa pembeni bila taa kujua kuna mtu. Kwenye kitambuzi cha nguzoni, eneo la kutazama ni mchoro ndani ya programu. Ukigundua wiki ya kwanza kwamba pikipiki hukusanyika mita nne mbele, unasogeza mchoro. Steji ya matatu ikihamishwa, unasogeza tena. Kitanzi kingehitaji msumeno kila mara.

Trekta la miwa ni somo la pili. Linapoelekea kiwanda cha sukari cha Nzoia likiwa na matela mawili nyuma, linaweza kuwa na urefu wa mita 20 na kasi ya kilomita 15 kwa saa, yaani kama mita nne kwa sekunde. Kuvuka makutano ya upana wa mita 30 mpaka tela la mwisho litoke ni sekunde 12. Taa za kawaida huacha sekunde mbili au tatu za nyekundu pande zote kabla ya kuwapa wengine kijani. Trekta lililoingia likiwa na haki yake litakutwa katikati na magari ya pembeni. Kitambuzi kinachotazama ndani ya makutano kinaweza kuishikilia nyekundu ya pande zote mpaka pawe pameachwa wazi. Tena kuna pengo kati ya trekta na tela, na kati ya tela na tela: kitambuzi kilichopangwa kwa magari madogo kitalisoma pengo hilo kama mwisho wa foleni na kukata kijani. Malori mazito yaliyosimama nayo huchelewa kung'oa, na kati ya la kwanza na la pili hufunguka nafasi kubwa. Kwa hiyo sekunde za nyongeza zisinakiliwe kutoka kitabu cha nchi nyingine. Zipimwe hapa, zikiangaliwa na mtu aliyesimama kando ya barabara.

Watembea kwa miguu ndio wanaoniuma zaidi. Katika takwimu za vifo vya barabarani za NTSA, mamlaka ya taifa ya usalama na uchukuzi, wao ndio kundi kubwa, wakifuatwa na waendesha pikipiki na abiria wao. Hata hivyo miradi ya taa huwapa kitufe na sekunde chache, basi. Uingereza, tangu miaka ya 1990, ina vivuko ambavyo kitambuzi cha juu humtazama anayevuka: akiwa bado katikati, nyekundu ya magari huongezwa, akiwa alibonyeza kisha akaondoka, ombi lake hufutwa na magari hayasimamishwi bure. Mama mwenye gunia kichwani na mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, watoto wa shule ya msingi walioshikana mikono, hawavuki kwa kasi moja. Kifaa cha kuwaona kipo na hakihitaji kukata lami. Kaunti ikilazimika kuchagua mahali pa kubana matumizi, isiwe hapo.

Najua hoja itakayotolewa: Nairobi imekuwa na taa kwa miaka mingi na bado askari wa trafiki husimama chini yake akiruhusu magari kwa mkono. Ni kweli, na askari yule anastahili kueleweka kabla ya kulaumiwa. Anapoiona taa ikitoa kijani kwa upande mtupu huku upande wa pili umefurika, anafanya jambo la busara, anaingilia. Yeye ndiye jicho ambalo taa haikupewa. Shida ni kwamba jicho lake liko mita moja na nusu kutoka ardhini, haoni nyuma ya basi la kwanza, na kwa kutaka kuimaliza foleni moja huiachia dakika nyingi huku nyingine tatu zikirefuka hadi makutano ya jirani. Taa yenye vitambuzi vizuri itampunguzia sababu za kuingilia. Siku za msafara au ajali bado atahitajika, kwa hiyo kisanduku cha taa kiwe na swichi yake, na afundishwe kuirudisha taa kazini akimaliza.

Stima nayo. Taa za LED hula wati chache, na rada hula chache zaidi, hivyo betri ya kuzishikilia saa kadhaa stima inapopotea si anasa. Kanda hii ina radi kali, na nguzo ndefu isiyo na waya wa ardhini ulio mzuri ni hasara inayosubiri msimu wa mvua. Na shaba huibwa. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Mfumo wenye nyaya chache ardhini unapunguza kishawishi hicho, ingawa betri na paneli za sola nazo zina wateja wao na lazima zifungwe juu, ndani ya chuma.

Kinachoua mifumo hii mara nyingi si wizi wala radi. Ni kifaa kidogo kilichoharibika ambacho hakuna aliyepewa kazi ya kukigundua. Kitambuzi kikifa, taa iliyopangwa vizuri hudhani upande huo una magari daima na kuupa kijani hadi kikomo, kila mzunguko. Makutano hayasimami, yanazorota tu, na watu wanaanza kusema taa hazifai. Kwa sababu hiyo zabuni iseme waziwazi: kisanduku kitume taarifa kitambuzi kinapokaa kimya saa nyingi isivyo kawaida; vioo vya kamera, kama zipo, vipanguswe kwa ratiba; nywila na programu za kusogeza mchoro ziwe mali ya kaunti, si za muuzaji; vipuri viwe ndani ya kaunti; na vifaa vya mawimbi viwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kitale ina chuo cha taifa cha ufundi. Bungoma ina chuo cha Sang'alo na Chuo Kikuu cha Kibabii. Vijana wanaosoma umeme na kompyuta huko wanaweza kujifunza kazi hii kwa wiki chache, na watafika Kanduyi kwa bodaboda siku ile ile badala ya kumngoja mtaalamu kutoka ng'ambo.

Na kuna hatua ambayo kitanzi hakiwezi kuiruhusu kwa urahisi, lakini kitambuzi cha nguzoni kinairuhusu leo. Vifungwe kwanza kwenye nguzo zilizopo za taa za mitaani, kabla ya kununua taa hata moja ya rangi. Vihesabu Kitale kuanzia kupanda hadi kuvuna, na Bungoma siku za soko na siku zisizo za soko, shule zikiwa zimefunguliwa na zikiwa zimefungwa. Vitenganishe pikipiki, magari madogo, malori na wanaotembea. Manispaa zote mbili zimekuwa katika mpango wa kitaifa wa kuimarisha miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ombi la fedha lenye hesabu za mwaka mzima lina nguvu kuliko lenye picha za foleni. Huenda hesabu hizo zikaonyesha kwamba makutano fulani yanahitaji taa mara moja, mengine yanahitaji tu njia ya kupindia kulia na steji isogezwe mita hamsini, na kwamba mahali fulani karibu na shule, ambapo hakuna aliyefikiria kuomba chochote, panahitaji kivuko chenye taa yake kabla ya makutano yote.